Mtoto wa miaka 3 hadi 6: namna ya kumfundisha nyumbani kabla ya daftari

Maswali ni yale yale kila skuli za maandalizi zinapokaribia kufunguliwa. Mtoto ana miaka minne na hajui kushika kalamu, je, amechelewa? Ninunue daftari gani? Mimi mwenyewe sikusoma, nitamfundisha nini? Kwenye simu zimo katuni za herufi, hazitoshi? Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi wa Unguja na Pemba anayetaka kujua aanzie wapi, kwa vitu vilivyomo ndani ya nyumba.

Jibu fupi: daftari ni la mwisho. Mtoto anayeingia skuli akiwa na maneno mengi, masikio yaliyozoea kusikia vipande vya neno, na vidole vyenye nguvu, kusoma na kuandika hakumchukui muda mrefu. Aliyekazaniwa kunakili herufi tangu ana miaka mitatu mara nyingi anajua kuichora "a" lakini hajui "a" ni ya kazi gani. Ndiyo maana hatua za hapa chini zinafuatana kwa makusudi: maneno, sauti, hesabu, mikono, kisha maandishi. Usiziruke kwa sababu mtoto wa jirani keshaandika jina lake.

Vitu vya kuwa navyo

- Komwe 20, zile zile za bao.
- Sinia la zamani na mchanga mkavu uliochekechwa, wa kuenea kina cha kama sentimita moja.
- Chaki, uzivunje vipande vya sentimita 2 au 3.
- Vifuu vitatu au vinne vya nazi vya ukubwa tofauti, vilivyosuguliwa visichome.
- Kopo la kupimia, au kibaba na pishi kama bado vimo nyumbani.
- Kanga yoyote yenye jina.
- Karatasi nyeupe nne, sindano na uzi.
- Udongo wa kufinyanga. Usipoupata, changanya vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi na kijiko 1 cha mafuta, kisha tia maji kidogo kidogo mpaka ukandike bila kunata. Kwa kawaida maji hayafiki kikombe kizima. Bizari ya manjano ikiwemo, kijiko kimoja kinatosha kuupa rangi.

Unga huo uweke kwenye kopo lenye kifuniko. Wakati wa masika utanata hata ukiufunika, kwa kuwa chumvi huvuta unyevu wa hewa; uongeze unga mkavu, ukande tena. Ukitoa harufu, utupe. Usimwachie mtoto aule, chumvi yake ni nyingi mno. Na bibi akikataa chakula kuchezewa, ana haki yake: tumia udongo, kazi ni ile ile.

Vyote vitie katika pakacha moja, ulitundike juu. Kuna sababu mbili. Ya kwanza, kitu kinachoshushwa kwa wakati wake kinatamaniwa zaidi kuliko kilichozagaa ukumbini. Ya pili ni usalama: mtoto wa chini ya miaka mitatu hutia kila kitu mdomoni, na komwe moja yatosha kumpalia. Kipimo chepesi ni ndimu. Kitu kidogo kuliko ndimu kisikae anapofikia mtoto huyo, na michezo ya komwe ifanyike yeye akiwa amelala au amebebwa.

Hatua

1. Chagua dakika 15, si zaidi. Mtoto wa miaka mitatu anatulia dakika tano hadi kumi kwa jambo moja. Wa miaka mitano anaweza kufika kumi na tano. Anayekwenda skuli asubuhi na chuoni (madrasa) jioni, baada ya Magharibi ameshachoka, na kumkalisha saa hiyo ni kumfundisha kuchukia. Kwa huyo, mpe siku ambazo chuo kimefungwa, na siku nyingine ridhika na hatua ya 2 na ya 3 ambazo hazihitaji kukaa kitako. Maliza kabla hajachoka. Akikwambia "tena!", ndipo unapofunga pakacha.

2. Zungumza naye ndani ya kazi unayoifanya. Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote na ndiyo inayodharauliwa, kwa kuwa haifanani na kufundisha. Unakuna nazi, unapara samaki, unachambua mchele, unaanua nguo: yeye yupo hapo. Fanya mambo manne kwa mpango huu.

Taja kitu kwa jina lake hasa. Usiseme "lete kile". Sema "lete kung'uto", "lete kata", "lete mwiko". Si "samaki" tu. Ni changu, tasi, pono, kolekole. Mtoto hachoki kwa majina, sisi ndio tunaochoka kuyataja.

Kisha ongeza juu ya alichosema. Mfano:

"Mama, samaki!"
"Eee, samaki. Changu huyu. Mguse, magamba yake yanakwaruza."
"Yanakwaruza."
"Yanakwaruza kwa nini, unadhani?"

Halafu nyamaza. Hesabu kimoyomoyo mpaka tano. Watu wazima wengi huuliza na kujibu wenyewe kabla mtoto hajapanga maneno. Kimya hicho kinaudhi siku za mwanzo, lakini ndicho kinachomfanya mtoto atafute maneno yake.

La nne, uliza maswali yasiyojibika kwa "ndiyo" na "hapana". "Hii ni nazi?" halina faida. "Tui likimwagika tutafanyaje?" lina faida.

Viungo navyo ni somo zima. Mfumbe macho kwa mtandio, mnusishe karafuu, hiliki, mdalasini, tangawizi, kimoja kimoja, ataje. Anza na viwili, ongeza kimoja kila siku mbili tatu. Pilipili hoho na pilipili manga ziache nje ya mchezo huu, maana mkono ukitoka kwenye pilipili huenda machoni.

Msimu wa karafuu Pemba, mama hana nafasi ya kukaa na mtu. Basi mtoto akae kwenye mkeka wa kuchambulia: karafuu upande huu, makonyo (vikonyo vyake) upande huu. Kutenga vitu kwa sifa zake ndio mwanzo wa hesabu, na hapo mnazungumza huku mikono inafanya kazi.

Kosa la kuepuka: kumkemea kwa maneno ya nyumbani. Mtoto wa Tumbatu, Makunduchi au Micheweni ataongea kama anavyosikia kwao. Mwache aseme, wewe mjibu kwa namna yako. Kiswahili cha skuli ataongeza juu yake. Vivyo hivyo usikimbilie Kiingereza cha kukariri rangi na wanyama ilhali hawezi kukueleza kwa lugha yake amecheza nini leo.

3. Hadithi moja na vitendawili kila usiku. Huna kitabu? Hadithi ulizohadithiwa na bibi zinatosha. Rudia ile ile hata usiku tano mfululizo; wewe utachoka, mtoto anajenga kumbukumbu ya mpangilio. Usiku wa kwanza simulia tu. Wa pili uliza nani alikuwemo na kilitokea nini. Wa tatu simama katikati: "Sasa akafanyaje?" Wa nne mwambie akuhadithie yeye, na vifuu viwe ndio watu wa hadithi. Akikosea mfuatano, usimkatize, mwisho uliza, "Alianza kuingia shimoni au alianza kukimbia?"

Vitendawili vinamfundisha kufikiri kitu kwa sifa zake. Anza na vyepesi: nyumba yangu haina mlango (yai), kuku wangu katagia mibani (nanasi). Akishindwa, mwambie akupe mji, na umsaidie kuutaja: Wete, Mkoani, Nungwi, Kizimkazi. Mtoto wa miaka minne anayegawa miji usiku keshaanza kujua visiwa vyake. Kisha mwachie atege cha kwake. Vingi havitakuwa na maana. Cheka naye, jibu.

4. Piga makofi ya silabi. Kiswahili kina rehema kubwa kwa anayejifunza kusoma: neno linakatika vipande vilivyo wazi, na karibu kila kipande kinaishia na irabu. Mfundishe kuvisikia kabla hajaviona.

Anza na maneno ya makofi mawili: na-zi, ba-ba, ki-ti. Halafu matatu: sa-ma-ki, m-ka-te. Halafu manne: ka-ra-fu-u. Kuwa mwangalifu hapa: "m" ya mti na mkate hupigiwa kofi lake (m-ti), lakini "mw" ya mwana haipigiwi peke yake (mwa-na). Ukivichanganya, mtoto atachanganyikiwa baadaye kwenye kuandika.

Akizoea, cheza mwanzo wa neno. "Naona kitu kinachoanzia na *ma*." Maji, mafuta, majani. Kisha mwisho wa neno. Mchezo huu hauhitaji kitu, mnaweza kuucheza kwenye daladala.

5. Hesabu kwa komwe, si kwa mdomo. Kuimba moja mpaka ishirini si kuhesabu. Weka komwe tatu mstari mmoja. Mtoto aguse moja, aisukume kando, ataje "moja". Ya pili vivyo hivyo. Kusukuma ndiko kunakomzuia kuhesabu komwe moja mara mbili. Akimaliza, zungusha kidole juu ya zote, uliza: "Komwe ngapi?" Akianza kuhesabu upya tangu mwanzo, bado hajajua kwamba namba ya mwisho ndiyo jumla. Usimkemee. Mwambie wewe, "Moja, mbili, tatu. Komwe tatu," na mrudie kesho.

Kaa kwenye tano mpaka asikosee siku tatu mfululizo, ndipo mwende kumi. Hapo kuna mchezo mmoja unaofanya kazi kuliko daftari zima la kujumlisha: komwe tano mkekani, mtoto afumbe macho, wewe ufunike mbili kwa kifuu. Anaona tatu. Ngapi zimefichwa? Mwanzo atabahatisha. Baada ya wiki mbili tatu utaona midomo inacheza: anahesabu kutoka tatu.

Kiswahili kina mtego wake kwenye namba. Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hubadilika kwa kufuata kinachohesabiwa: komwe mbili, vifuu viwili, watoto wawili. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Mtoto akisema "vifuu mbili", hajakosea hesabu. Mjibu kwa kurudia sawasawa, "Eee, vifuu viwili," mchezo uendelee.

Vipimo: mchanga na kopo. Kopo ngapi zinajaza ndoo ndogo? Abahatishe kwanza, kisha mpime. Mwenye kibaba na pishi amwonyeshe kwamba vibaba vinne ndivyo pishi moja.

6. Vipe vidole nguvu. Kalamu hushikwa kwa vidole vitatu, na vidole hivyo hupata nguvu kwa kazi: kumenya ndizi, kukamua kitambaa, kubana nguo kwenye kamba kwa vibanio, kufunga vifungo, kufinyanga udongo. Mtoto wa miaka mitano anaweza kuanza kusuka: mpe majani matatu mapana ya kusukia ukili yaliyokwisha kulainishwa, uyafunge ncha moja kwenye mguu wa kiti.

Kutunga nako kuzuri. Mabua ya majani ya mpapai yana uwazi ndani. Yakate vipande vya sentimita 2, yaanike mpaka utomvu ukauke (mbichi unawasha ngozi na macho), kisha atunge kwa uzi mnene uliotiwa nta ncha. Sindano bado.

Ndipo umpe kipande kifupi cha chaki na sakafu ya uani. Ufupi wa chaki ndio mwalimu: hakuna nafasi ya ngumi nzima, vidole vitatu vinajipanga vyenyewe. Ukimpa kalamu ndefu mapema atazoea kuikamata kama mchi, na kuiondoa tabia hiyo baadaye ni kazi. Kwanza achore chochote, kisha mistari, duara, msalaba. Mtoto asiyeweza kufunga duara hayuko tayari kwa "a".

Mtoto wa mkono wa kushoto aachwe aandike kwa kushoto. Kula kwa mkono wa kulia ni adabu, mfundisheni hivyo. Mkono wa chaki ni jambo jengine.

7. Herufi kwenye mchanga. Usianze mpaka hatua ya 4 na ya 6 zimekaa. Tumia herufi ndogo. Kubwa iwe ya mwanzo wa jina lake tu. Anza na irabu zote tano, a e i o u, kisha *m*, kisha *k*, kisha *t*. Simama hapo. Kwa konsonanti hizi tatu anasoma mama, kaka, kuku, kiti, moto, kata, taa. Mtoto anayesoma neno la kweli baada ya herufi nane ana hamu kuliko aliyepitishwa zote ndipo aone neno. Baadaye ongeza n, l, b, s, halafu nyingine. Ziache mwisho ch, sh, ny, ng', dh, th na gh.

Namna ya kufanya: andika *ma* kwenye sinia la mchanga, aifuate kwa kidole huku anaitamka "ma", mtikise sinia, aandike peke yake. Itamke silabi nzima. Ukimfundisha "em" na "a" mbalimbali, utakapomwambia aziunganishe atasema "ema", na kosa si lake.

Chuoni anasoma kutoka kulia kwenda kushoto, hapa ni kushoto kwenda kulia. Watoto wanamudu mambo yote mawili, ilimradi waonyeshwe pa kuanzia. Chora kinyota kwa chaki upande wa kushoto wa sinia kila mnapoandika Kiswahili, na msichanganye Kiarabu na Kiswahili katika kikao kimoja.

8. Maandishi yaliyomo nyumbani. Tandika kanga. Jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa, pana, zinazoonekana hata na bibi bila miwani. Lisome huku unapitisha kidole, mweleze maana yake, kisha atafute *A* zote. Fanya hivi baada ya kuzijua herufi ndogo, la sivyo ataona *A* na *a* kama vitu visivyojuana.

Kitabu cha kwanza mtengeneze wenyewe: kunja karatasi nne katikati, shona kwa uzi kwenye kunjo, utapata kurasa 16. Yeye anachora, anakuambia, wewe unaandika chini maneno yake kama alivyoyasema, mstari mmoja tu: "Hii ngalawa ya baba." Atakisoma kitabu hicho mpaka kichakae.

Makosa yanayoharibu kazi

Fimbo na kejeli. Mtoto aliyeogopa hukariri ili yapite, halafu husahau. Hili halina mjadala.

Simu. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya 2019, linashauri mtoto wa chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, pungufu ni bora. Katuni ya herufi haisubiri jibu wala haimwongezei alichosema. Akiangalia, kaa naye mzungumze. Wa miaka 3 na 4 wanahitaji pia usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, wa mchana ukiwemo, na angalau saa tatu za kuchezacheza. Mtoto aliyekesha na televisheni ya ukumbini hafundishiki asubuhi yake.

Kumlinganisha na mwenzake mbele yake.

Mambo yakienda kombo

*Hakai hata dakika tano.* Anza na kazi ya mwili: komwe azitupie ndani ya kifuu hatua tatu mbali, ahesabu zilizoingia. Silabi azirukie badala ya kupiga makofi.

*Anaandika herufi au namba kinyume.* Ni kawaida mpaka miaka 6 au 7. Mrudishe kwenye kinyota na mchanga.

*Kaka na dada wanamjibia.* Wape kazi: wao ndio waulizaji, na anayejibu kabla ya mdogo anakosa zamu.

*Mama au baba hajui kusoma.* Hatua ya 1 hadi ya 6 hazihitaji kusoma hata herufi moja. Ya 7 na 8 mpe mtoto mkubwa anayesoma, wewe ukae hapo usikilize.

*Baba yuko dago (kambi ya wavuvi), au kazi ya mbali.* Arekodi hadithi kwa simu, dakika tatu, aikatishe pazuri. Mtoto naye arekodi anavyodhani itaendelea, atumiwe baba.

*Haongei, au haeleweki.* Mtoto wa miaka 2 anapaswa kuunganisha maneno mawili ("mama njoo"), na wa miaka 3 hata asiyekaa naye aelewe sehemu kubwa ya anachosema. Asipofika hapo, usisubiri kwa kuambiwa "hata baba yake alichelewa". Jaribu masikio kwanza: simama nyuma yake hatua tatu, asikuone, mwite kwa sauti ya chini; rudia siku nyingine pakiwa kimya. Asipogeuka, au sikio likitoka usaha, au maneno aliyokuwa nayo yakianza kupotea, mpeleke kituo cha afya wiki hiyo hiyo, na umweleze mhudumu ulichokiona na tangu lini. Dawa za kienyeji na mafuta ya kutia sikioni usitumie kabla hajaangaliwa.